JIKONI MWETU: Keki Isiyoumuka



Mwezi huu sina budi kuanza kwa kuungama kosa. Mwalimu akifundisha vibaya, hasara haimpati yeye. Humpata yule aliyemsikiliza. Ndivyo ilivyotokea kwangu, nami naona ni haki niwaeleze habari yenyewe, ili yeyote miongoni mwenu niliyemfundisha neno lile lile apate kulisahihisha kabla hajapoteza siagi yake.

Jirani yetu mmoja, mjane mwenye watoto watatu, alinijia siku moja jioni. Akasema, “Shikamoo, Mama Mwalimu. Nimesikia ya kuwa wajua kuoka ile keki nyeusi ya kakao, ikatwayo vipande vya mraba, iitwayo brauni. Nifundishe, nami nioke niuze siku ya kufunga shule. Mkubwa wangu hana sare ya kurudia darasani.”

Nikamwitikia, “Marahaba, mwanangu, karibu ukae.” Lakini yeye alikaa, mimi sikukaa. Nalikuwa na haraka ya safari, nikamtajia vipimo hali nimesimama mlangoni. Mwisho nikampa neno ambalo nimewaambia wanawake wengi kwa miaka mingi: “Choma kisu katikati. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Kikitoka na unyevu, irudishe motoni.”

Basi yule mama akakopa fedha katika kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, akanunua siagi, mayai, sukari na kakao. Siku ya tatu alirudi kwangu na sinia lililofunikwa kitambaa. Alipofunua naliona vipande kumi na sita, vimekatwa sawasawa kabisa, navyo vigumu kama vigae. Nikajaribu kimoja, jino likakataa. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu, “Mama, nimefanya kama ulivyoniambia.”

Maneno hayo yalinichoma kuliko kama angalinigombeza. Nikamwuliza kila hatua, naye akanijibu bila kusita. Vipimo vilikuwa sawa. Lakini alipoona keki haiumuki, alidhani moto haujatosha, akaiacha. Alipochoma kisu kikatoka na unyevu, akairudisha. Akachoma tena, akairudisha tena. Hivyo alitii neno langu mpaka akaiua keki. Kosa halikuwa lake. Mimi nalimpa kanuni ya keki nyingine.

Kwa hiyo leo nitaieleza brauni tangu mwanzo, kwa vipimo na kwa sababu zake. Maana mtu aliyepewa sababu aweza kujisahihisha mwenyewe, hata mwalimu wake akiwa mbali.

NI KEKI YA NAMNA GANI?

Keki tuliyozoea ya karamu hutaka unga mwingi. Akina mama wengi huipima kwa uzito sawa: unga, sukari, siagi na mayai, kila kimoja kama mwenzake. Tena huiongeza bekingi pauda ili iumuke. Keki hiyo ikiiva huwa nyepesi na kavu ndani, na kisu hutoka safi. Kanuni ya kisu ni ya keki hiyo.

Brauni si hivyo. Unga wake ni kama theluthi moja tu ya sukari, na kama nusu ya siagi. Bekingi pauda haitiwi. Basi keki hii haina cha kuiumua ila hewa kidogo iliyoingia mayai yalipopigwa. Hukaa chini, kimo cha vidole viwili, nzito na laini, na ndani yake huwa na unyevu hata baada ya kuiva. Ukingoja ikauke ndipo uitoe, umengoja mpaka imeharibika.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakiona rojo ni zito na jeusi, nayo haipandi, huongeza unga, au hutia bekingi pauda, au huongeza moto. Kila moja ya hizo huigeuza kuwa kitu kingine. Keki fupi si keki iliyoshindwa. Ndilo umbo lake.

ILITOKA WAPI?

Brauni ni keki ya Marekani. Katika mji wa Chicago, hoteli ya Palmer House husimulia kwamba ilianzia jikoni kwao mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika mjini humo. Wasema Bibi Bertha Palmer, mke wa mwenye hoteli, alitaka kitu kitamu chenye chokoleti, kidogo kuliko kipande cha keki, cha kutiwa katika masanduku ya chakula cha wanawake kwenye maonyesho hayo. Wengine husimulia juu ya mwanamke mmoja aliyesahau kutia bekingi pauda, keki yake ikalala chini, wageni wakaipenda. Hiyo ya pili ni hadithi tu ya jikoni. Hakuna ajuaye mwanamke huyo ni nani. Lakini naona ilizaliwa kwa watu walioshangaa, kama jirani yangu, kwamba keki haikuumuka.

Yupo mwanamke mwingine ambaye habari zake zafaa zaidi kwetu. Jina lake Fannie Farmer, wa mji wa Boston, aliyezaliwa mwaka 1857. Alipokuwa msichana alipatwa na kiharusi, akawa mlemavu wa mguu, na masomo yake yakakatika. Baadaye aliingia shule ya mapishi ya Boston, akafika hata kuwa mkuu wake. Mwaka 1896 alitoa kitabu cha mapishi cha shule hiyo. Wachapaji hawakukiamini, wakamtaka alipe mwenyewe gharama ya nakala 3,000 za kwanza. Kitabu kikaenea Marekani yote.

Katika chapa ile ya 1896 mlikuwamo vikeki vidogo vilivyoitwa brauni, lakini havikuwa na chokoleti. Vilitiwa asali nyeusi ya miwa. Brauni ya chokoleti ilitokea katika chapa ya mwaka 1906. Lakini jambo kubwa alilolifanya Bibi Farmer ni juu ya kupima. Zamani zile vitabu vilisema, “tia siagi kiasi cha yai,” au “tia unga wa kutosha.” Yeye alisisitiza kikombe kimoja na kijiko kimoja cha kipimo, kijazwe, kisha kipanguswe juu kwa kisu mpaka kiwe sawa na ukingo. Alifahamu kwamba mpishi mzoefu aweza kukisia, bali mwanafunzi hawezi. Na anayefundisha kwa kukisia humwachia mwanafunzi mzigo wa makosa. Nalipoyakumbuka hayo nalijiona haya, mimi niliyefundisha hali nimesimama mlangoni.

HABARI YA KAKAO

Sisi wa Nyanda za Juu za Kusini, Tanzania, kakao si mgeni kwetu. Wilaya ya Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa, ndiyo itoayo sehemu kubwa ya kakao ya nchi hii. Na ndugu zetu wa Uganda huilima sana Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori. Waliopita mashambani wameona jinsi tunda lake lilivyo la ajabu: halining’inii matawini tu, bali hutoka hata katika shina lenyewe. Ndani mna mbegu zilizovikwa nyama nyeupe, tamu. Mkulima huzikusanya, huzifunika kwa majani ya migomba au huzitia katika masanduku ya mbao, zikae siku tano hata saba zichachuke na kupata joto. Kisha huzianika juani. Mbegu isiyochachushwa vema haitoi harufu nzuri, hata ikikaangwa kwa ustadi gani. Basi utamu wa keki yako umeanza mikononi mwa mkulima.

Mbegu hizo zikikaangwa na kusagwa huwa kama lami laini, kwa sababu karibu nusu yake ni mafuta. Mwaka 1828, huko Uholanzi, nyumba ya van Houten ilipewa hati ya kulinda njia yake ya kuyakamua mafuta hayo kwa shinikizo. Kinachobaki husagwa, nacho ndicho unga wa kakao tununuao. Angalieni jambo hili: unga huo umeondolewa mafuta mengi, nao hunywa unyevu kama udongo mkavu. Ndiyo sababu brauni ya unga wa kakao hutaka siagi nyingi. Anayeipunguza siagi ili kubana matumizi atapata keki kavu, na akiba yake itakuwa hasara.

Tena tazameni sana kopo kabla ya kulipa. Dukani mna makopo ya kakao halisi, na mna makopo ya chokoleti ya kunywa. Hii ya pili imekwisha kuchanganywa na sukari, pengine na maziwa, na kakao yake ni kidogo. Somo maandishi yaliyo ubavuni: kakao halisi haina sukari. Ukionja kidogo kwa ncha ya ulimi, ni chungu. Chungu ndiyo tunayoitaka.

VITU NA VIPIMO

Vipimo hivi ni vya bati la mraba lenye upande wa sentimeta 20, nalo hutoa vipande 16.

Siagi, gramu 125 (nusu ya pakiti ya gramu 250).
Sukari, gramu 200 (kikombe kimoja cha kupimia).
Kakao halisi, gramu 60 (theluthi mbili za kikombe).
Mayai 2.
Unga wa ngano, gramu 70 (zaidi kidogo ya nusu kikombe).
Chumvi, robo ya kijiko cha chai.
Vanila, nusu ya kijiko cha chai, kama unayo.

Mwenye mizani apime kwa mizani. Mwenye kikombe akijaze kwa kijiko bila kushindilia, kisha apanguse juu.

KAZI YENYEWE

Kwanza washa moto, na uandae bati: lipake siagi, ulitandike karatasi ya kuokea, ncha zake zitokeze juu ya ukingo zipate kushikwa baadaye.

Yeyusha siagi kwa moto mdogo, isichemke. Ipua. Tia sukari hali siagi ingali moto, ukoroge. Kisha kakao na chumvi, ukoroge mpaka pasiwe na madonge. Utaona mchanganyiko una chengachenga kama mchanga uliolowa. Usiogope; ndivyo ulivyo kabla ya mayai.

Sasa ngoja. Uache upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia, kwa maana mayai yakitiwa katika joto kali yataganda vipandevipande. Ukiisha kupoa, tia yai la kwanza, upige kwa nguvu. Tia la pili na vanila, upige tena kama dakika mbili, mpaka rojo ling’ae. Hapa nguvu yatakiwa. Sukari ikiyeyuka vema katika mayai, ndipo juu ya keki inapotokea ile ngozi nyembamba yenye kung’aa na kupasukapasuka, ambayo watu huipenda.

Mwisho tia unga uliochekechwa, na sasa nguvu haitakiwi tena. Geuza kwa mwiko polepole, na mara weupe wa unga usipoonekana, acha. Unga wa ngano ukikorogwa sana katika umajimaji huvuta kama mpira, nayo keki huwa ngumu. Mimina katika bati, usawazishe hata pembeni.

HABARI YA MOTO

Mwenye jiko la umeme au gesi lenye tanuri alitie joto la nyuzi 175 za sentigredi kabla ya kuingiza bati.

Mwenye makaa asikate tamaa. Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu ndani kimo cha kidole, uweke juu ya makaa machache, ufunike kwa kifuniko bapa cha bati, na juu ya kifuniko uweke makaa mengine. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana moto wa chini ndio uunguzao. Likiisha kupata joto, jaribu hivi: weka kijiko cha unga juu ya kisahani cha bati, ukiingize, ufunike. Ukigeuka rangi ya hudhurungi kwa dakika tano hivi, moto ni wa kadiri. Ukiwa mweusi, punguza makaa. Ukibaki mweupe, ongeza. Ndipo uliingize bati la keki.

ISHARA YA KUIVA

Hapa ndipo nilipokosea, basi nisomeni polepole.

Brauni hukaa motoni dakika 20 hata 25. Dakika ya 18 anza kutazama. Kando za keki ziwe zimekaza na kuanza kuachana kidogo na bati. Katikati pakiguswa paonekane pamejishika, lakini pawe laini bado. Chukua kijiti chembamba, uchome si katikati kabisa, bali kati ya ukingo na katikati. Kikitoka na rojo linalotiririka, bado. Ngoja dakika mbili. Kikitoka na chembe chache zenye unyevu zilizogandamana nacho, imeiva. Itoe papo hapo. Kikitoka kikavu kabisa, umechelewa.

Sababu yake ni hii. Bati likitoka motoni, joto lililomo ndani ya keki haliondoki mara moja. Huendelea kuipika kwa muda. Tena, siagi na sukari zilizomo, zikiwa za moto, ni laini, zikipoa hukaza. Basi keki ionekanayo teke kidogo motoni itakuwa imekamilika mezani. Na keki ionekanayo imekamilika motoni itakuwa kigae mezani.

Kisha iache ipoe katika bati lake, saa moja na nusu au mbili. Najua watoto watasimama mlangoni na harufu imejaa nyumba nzima, lakini mvumilivu hula mbivu. Ikikatwa ingali moto hubomoka. Ikiisha kupoa, inua kwa ncha za karatasi, ukate kwa kisu kilichochovywa katika maji moto na kufutwa kila mara. Ikifunikwa vema hukaa siku tatu bila kuharibika, na siku ya pili aghalabu huwa tamu kuliko ya kwanza.

MWISHO WA HABARI YA JIRANI YETU

Jumamosi iliyofuata nalimwita yule mama nyumbani kwangu. Siagi, mayai na kakao vilikuwa vyangu, kwa maana hasara ya kwanza ilitoka kinywani mwangu. Alikataa mwanzoni, akasema, “Hapana, Mama Mwalimu, nitalipa kidogo kidogo.” Nikamwambia, “Mwanangu, deni la kosa hulipwa na mwenye kosa.” Akanyamaza, akafunga kanga kiunoni.

Safari hii nalikaa kitini na mikono yangu nimeipakata, yeye ndiye aliyepima, aliyekoroga na aliyetazama moto. Dakika ya 20 alichoma kijiti, kikatoka na chembe zenye unyevu. Alinitazama. Naliona mkono wake wataka kulirudisha bati, kwa kuwa neno langu la kwanza lilikuwa lingali ndani yake. Nikasema, “Sababu yake ni nini?” Akafikiri kidogo, akajibu, “Joto lililo ndani litaimaliza.” Akaliweka bati mezani, akalifunika kitambaa ili asilitazame.

Baada ya saa mbili tulikata. Kando zilikuwa ngumu kidogo, ndani laini na nyeusi, na juu ile ngozi ya kung’aa. Alikula nusu kipande, nusu ya pili akaifunga katika karatasi kwa ajili ya mdogo wake wa mwisho. Siku ya kufunga shule alioka mabati mawili nyumbani kwake, kwa makaa, bila mimi. Jioni alipita kwangu na sinia tupu. Deni la kikundi lilikuwa limelipwa, na sare haijanunuliwa bado, lakini kitambaa chake amekwisha kukinunua, naye ajua kushona.

Na vile vigae vya kwanza? Havikutupwa. Tuliviponda, tukavimwagia maziwa moto, vikalala hata vikalainika. Watoto wake na wangu wakavila kwa vijiko, wasijue kwamba walikuwa wakila kosa langu.

Basi, akina mama na walimu wenzangu, yeyote aliyejifunza kwangu kanuni ya kisu kikavu aitumie kwa keki ya karamu peke yake. Na mwenye jambo la kuuliza juu ya brauni aulize kabla ya kuwasha moto. Safari hii nitaketi kwanza, ndipo nijibu.